Kilichomo Kwenye Pua ya Ndege ya Fabian

Marsela Joseph,
Rhotia,
S.L.P. 61,
Karatu.
24 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Yohani,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wifi yangu Felista na watoto wote. Hamjambo huko Mwanza? Huku ni baridi ya Juni, ukungu hauondoki mpaka jua likasirike, na hapa ninapoandika nimejifunga blanketi juu ya sweta. Mgongo wako je? Ulisema umepona, ila kwenye ile picha ya komunyo ya mtoto nilikuona umeegemea ukuta. Mtu mwenye mgongo mzima haegemei ukuta kwenye picha. Nashuku unanificha. Nijibu ukweli.

Sisi ni wazima. Shemeji yako Joseph anakohoa, lakini ni vumbi la kupepeta maharage tu. Yule ng'ombe wetu mwenye baka amezaa ndama jike, na maziwa yapo mpaka tunagawa.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ninayo. Ninayo kweli, tena kubwa kuliko ya mke wa mwenyekiti, Fabian ndiye aliyeninunulia. Lakini laini ina jina lake, vocha anaweka yeye, na akiishika anaona nimeongea na nani. Haya nitakayokuambia sitaki ayajue. Kwa hiyo nampa barua jirani yangu Angelina, anakuja huko kwa mwanawe wiki hii. Ukiikuta bahasha imefunguliwa niambie, maana Angelina naye namjua.

Mwanangu Fabian ungemwona sasa usingemtambua. Ni dereva wa watalii, na si dereva wa kushusha watu kreta kutazama wanyama na kuwapandisha tu. Ndege wa porini anawajua kwa Kiingereza na kwa lile jina lao jingine la vitabuni. Madereva pale kampuni wako wengi, lakini wageni wakirudi wanamwulizia yeye. Mke bado, usiniulize. Wanaomtaka ni wengi, mimi ndiye ninayechuja.

Sasa sikiliza. Mwaka jana alimshusha kreta mzee mmoja wa Norwe, anaitwa Arne, mikono inamtetemeka hata kikombe anashikiwa. Skrubu ya miwani yake ikadondoka ndani ya gari, skrubu ndogo kama yai la chawa. Fabian akaitafuta kwenye zulia akaipata, akairudishia kwa ncha ya kisu, na simba wanapita hapo pembeni. Mzee akamwambia, "Mikono kama hiyo nilikuwa nayo." Fabian aliyaleta hayo maneno nyumbani akicheka. Mimi sikucheka. Mtu anayesifu mikono ya mtoto wa mwenzake, anaitakia nini?

Mwezi wa pili likaja boksi, limeletwa na wageni wengine. Juu yake imechorwa ndege ya kivita, ile ya jeti, pua imechongoka, mabomu yamening'inia chini ya mabawa.

"Hii nini, Fabi?"

"Ndege ya plastiki mama, ya kuunganisha. Mzee Arne aliirusha ya kweli jeshini alipokuwa kijana. Boksi alinunua siku nyingi, mikono ikamshinda. Anaomba nimuungie, atakuja kuichukua Julai."

"Huko kwao mikono imeisha?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

Ndani kulikuwa na vipande vimeshikana kwenye fremu kama meno ya kitana. Fabian akavichukua akaviosha kwenye beseni langu la vyombo, kwa sabuni, polepole, kama anamwogesha mtoto mchanga. Nikamwuliza kitu kipya kinaoshwa cha nini. Eti kina mafuta ya kiwandani, rangi haitashika. Nikamwachia beseni, lakini kuanzia siku hiyo nikaweka macho.

Vibanio vyangu vya nguo vikaanza kupotea kwenye kamba. Nikavikuta chumbani kwake vimebana mabawa. Akirudi safari anaoga, anakula, anajifungia. Anavaa barakoa wakati hakuna ugonjwa. Kile kioo cha rubani kakibandika selotepu juu, kana kwamba ndani kuna mtu asiyetakiwa kuonekana. Na harufu! Gundi, thina, rangi, mpaka kuku wakipita dirishani wanakimbia.

Angelina akaja na sura yake ya msibani. "Mama Fabi, kwa heshima tu. Kijana ananusa gundi?"

Nikamwambia, "Angelina, wa kwako angenusa hata sabuni tungeshukuru."

Akaondoka amenuna. Lakini alipoondoka, Yohani, nililichukua sweta la Fabian nikalinusa.

Ngoja nikuambie ukweli kabla sijaendelea, maana sitaki umdharau mpwa wako. Kazi yenyewe ni ya ajabu. Mle anamokaa rubani kuna kiti kidogo chenye mikanda, na ile mikanda Fabian aliikata kwenye karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya majani ya chai. Saa za vipimo za mbele kazichora kwa ncha ya sindano. Nani mwingine hapa Karatu anaweza? Nitajie mmoja. Na ndiyo maana niliogopa. Mtu mwenye mikono kama ile anaweza kuficha chochote, popote.

Kisha akaja Lekishon. Huyu ni rafiki yake, Mmasai wa Enguserosambu, fundi kwenye gereji wanapotengenezea magari yao. Kijana mzuri, anakula vizuri, lakini siku hiyo alikuja na kitu kwenye gazeti, kidogo, na mkono unavyokishika unaona ni kizito. Wakaingia chumbani wakafunga mlango. Mimi nilikuwa nafagia koridoni. Nilifagia sana pale.

Nikamsikia Fabian: "Weka mbele kabisa, kwenye pua. Usiache nafasi."

Lekishon akasema, "Ukishapaka rangi nani atajua?"

"Hakuna."

Nikakaa chini na ufagio wangu.

Unajua sokoni wanasimulia nini? Kwamba kuna dereva, sijui wa kampuni gani, alimpa mgeni twiga wa mbao ampelekee rafiki Ulaya, kumbe tumbo la twiga limejaa mawe ya madini. Kila mtu anaisimulia hiyo, na hakuna aliyemwona huyo dereva. Lakini uchungu wa mama haungoji shahidi. Mtoto akikamatwa na kitu kama hicho, leseni imekwenda, kazi imekwenda, na jina la Joseph halitasimama tena mbele ya watu.

Fabian alipokuwa safarini niliingia nikaiinua. Mkia mwepesi kama ganda la yai, pua nzito. Nikaitikisa. Kimya kabisa. Kilichomo kilikuwa kimekazwa vizuri, na huko kukazwa ndiko kulinitisha zaidi.

Nikamwambia Joseph. Akasema, "Mwache mtoto." Shemeji yako hata nyumba ikiungua atasema iacheni ipoe.

Basi Jumapili moja tumetoka misa, Lekishon naye yupo maana siku ya nyama hakosi. Nikaileta ndege kwenye sinia, nikaiweka katikati ya meza.

"Fabian, fungua hii."

"Imeshafungwa mama. Na rangi nimemaliza."

"Naona. Fungua."

"Nikiifungua nimeiharibu."

"Kilichomo kina thamani gani mpaka unaogopa kufungua?"

Lekishon akaanza, kwa Kimasai chake cha kuniita mama, "Yeyo, mle ndani kuna..."

"Wewe kula nyama."

Fabian alinitazama. Yohani, nimezaa huyu mtoto, sijawahi kutazamwa vile. Alielewa ninachofikiri, akakielewa chote mpaka mwisho. Akaenda kuleta kimsumeno chake chembamba kama kisu, akaipasua pua mbele yangu. Ulikuwa mlio mdogo, kama panya kwenye debe la mahindi. Rangi ikatoka vumbi kwenye kitambaa changu cheupe.

Vikatoka vile vyuma vidogo vya kubalansi matairi, vimezungushiwa udongo wa mfinyanzi. Nikachukua kimoja, nikakifuta na khanga, nikakiuma. Jino likaacha alama. Si jiwe la madini, ni cha tairi tu.

"Ya nini sasa?" nikauliza, sauti imeshapungua.

Akaisimamisha ndege kwenye matairi yake matatu, bila ile pua. Ikainua kifua ikakaa kitako, mkia chini, kama mbwa anayengojea ugali.

"Ya hivyo," akasema. "Bila uzito mbele haisimami."

Lekishon alicheka mpaka akafuta machozi. Alicheka peke yake.

Siku zilizofuata Fabian alinisalimia shikamoo kama mtu wa kanisani, basi. Hakuniomba chumvi, hakunisimulia wageni. Unanijua mimi, maneno ya kuomba radhi yananikwama. Nilimpelekea chai chumbani, na badala ya kutoka nikakaa kwenye kitanda chake. Akaendelea kusugua pale alipokata. Kisha akasema, "Mama, shika hapa." Nikashika.

Nikashika tena kesho yake. Alijaza puti kwenye ule mkato, akanipa kipande cha msasa niusugue kwa maji, taratibu, mpaka kidole kisiweze kusema mshono uko wapi. Akasema nina mkono. Nikamwambia ulidhani wako umetoka wapi?

Kabla ya kufunga pua aliniambia, "Safari hii uzito weka wewe mwenyewe. Ili usije ukaniuliza tena."

Nikafikiri niweke nini. Yohani, unaikumbuka plau ya baba, ile ya kukokotwa na ng'ombe, aliyolimia Endabash mpaka ikabaki vyuma vyuma nyuma ya zizi? Nati yake moja nilikuwa nayo kwenye kopo la sindano. Nikaiosha kwa sabuni, nikampa Fabian. Akaipima mkononi, akanitazama, akacheka kidogo. Kucheka kwa kwanza tangu ile Jumapili. "Hii itaisimamisha hata kwenye upepo," akasema. Tukaizungushia udongo, tukafunga.

Sasa imesimama juu ya kabati la vyombo, urefu wake kama mkono wangu toka kiwiko mpaka vidoleni, ya kijivu, namba zake na alama zake zote zimebandikwa, imetulia kwa miguu mitatu. Nakuapia ni nzuri kuliko ilivyokuwa mwanzo. Angelina amekuja kuitazama akazunguka kabati kama anazunguka maiti ya padri. Hakupata hata kosa moja la kuniambia, na hilo limemuuma.

Ungefikiri nimepumzika. Sijapumzika. Mzee Arne anafika mwezi ujao, anaondoka nayo kupitia uwanja wa ndege. Wewe unapakia mizigo pale uwanja wa Mwanza, hizo mashine za kuchungulia ndani ya mabegi unazijua. Je, mashine haitaona chuma kimejificha kwenye pua ya ndege ya kivita? Watamwuliza mzee, na mzee atasema hajui, ameungiwa na dereva wake Karatu. Wataiweka mezani kama nilivyoiweka mimi. Na watamtaja nani? Fabian siwezi kumwuliza hili. Akisikia nimeanza tena ataipasua mara ya pili, na sidhani kama safari hii ataniita nishike.

Kwa hiyo nimeamua, wewe nishauri kama nimekosea. Mzee akija nitamkaribisha hapa nyumbani, nimpikie, na kabla hajaigusa ndege nitamwambia mimi mwenyewe, Fabian akitafsiri: "Humu ndani kuna nati ya plau ya baba yangu. Nimeiweka kwa mkono wangu. Wakikuuliza, uwaambie hivyo hivyo." Asije mtu mwingine akamtazama mwanangu kwa jicho nililomtazama mimi.

Nijibu mapema, na usipige simu. Mpe mtu anayekuja.

Nisalimie wifi Felista, mwambie kitenge kimefika na kimenikaa. Nisalimie Patrisi mkubwa wa watoto, asome, na Goodness wetu wa komunyo nampiga busu. Joseph anakusalimu, amesema usiwe na haraka ya kujibu, lakini huyo usimsikilize.

Mungu autunze mgongo wako, aitunze na mizigo ya watu inayopita mikononi mwako, na akulete Rhotia ukiwa umesimama wima bila ukuta.

Mimi dada yako ninayekupenda, hata ninapokushuku,
Marsela