Nyuso Kumi na Mbili

Likoni, Jumatano, 1997

Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Naogopa. Afadhali niseme hivyo mapema.

Jana bwana mmoja nisiyemjua alileta studioni picha ya wafanyakazi wa kiwanda fulani cha Changamwe, watu thelathini mbele ya pazia la buluu. Kumi na wawili alikuwa amewatia alama kwa kalamu. Alitaka kila mmoja akatwe peke yake, akuzwe, na jina liandikwe chini, kutoka orodha aliyoniachia. Nikamuuliza kama ni za vitambulisho.

“La, dadangu. Ni za kuwajua tu.”

Mimi na sifa zangu! Wenzangu huzungusha kipanya kando ya kila kichwa kutwa nzima. Mimi nagusa pazia mara moja kwa kile kifimbo cha kompyuta, buluu yote inachaguliwa, kisha naugeuza uchaguzi, wanabaki watu. Leo kufikia saa nne nilishamaliza kumi na mmoja. Majina niliyachapa bila kuyatia akilini.

Wa kumi na mbili alinishinda. Kitambaa chake cha kichwa ni buluu ile ile, kifimbo kikammeza pamoja na pazia. Ikabidi nimfuate kwa mkono, polepole, sikio, shavu, kidevu.

Ni Mama Otis, jirani yangu. Ndiye aliyenilelea mwanangu nilipolazwa.

Hapo ndipo nikayasoma majina. Yote ya watu wa bara, si wenyeji wa pwani. Na wiki nzima hii tunaokota vikaratasi milangoni, vinawaambia watu wa bara wahame kabla hawajahamishwa.

Bwana yule alikuja saa saba. Nikamwambia mmoja bado. Hakukasirika hata kidogo.

“Upesi wako mashallah. Huyo ntamfuata kesho.”

Akaondoka na wale kumi na mmoja. Ningewakata wote kwa mkono kama wenzangu, angeondoka na wawili.

Nimeifuta picha ya Mama Otis, nikaenda kumweleza yote. Hakunilaumu, na hilo limeniuma zaidi. Amekwenda kuwaonya wenzake, na alfajiri atavuka feri na wanawe.

Nami nitakuwa studioni. Bwana yule atakuja, atakuta picha haipo, atauliza ni nani aliyewaambia.

Kunijua mimi hahitaji picha.