Blanketi Katikati ya Kabini

Mpendwa Baba mkwe,

Nimekaa mlangoni pa nyumba yako ndogo hapa Izia, Sumbawanga, mlango ambao kwa miaka ishirini hivi nilikuwa naupita mbio kama mwizi wa mahindi. Ukikohoa, mimi napotelea jikoni. Ukitoka kuota jua, mimi nazunguka nyuma ya nyumba na ndoo yangu kichwani. Majirani walidhani tumegombana. Wewe ulikuwa ukicheka tu na kumuuliza Deo, "Hivi mkeo yupo kweli, au nilimwota?" Leo nakuandikia kwa sababu kuna jambo la kwenye meli sijawahi kukuambia, na nimechoka kulibeba peke yangu.

Wewe unajua habari zetu, lakini barua hii itasomwa na wengine, basi nivumilie nieleze kidogo. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Kazi ya masjala ndiyo iliyonileta Sumbawanga, na Deo mwanao ndiye aliyenifanya nisirudi. Mama yangu alinilea kwa mila za zamani: mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake usoni, na baba mkwe naye hamtazami. Hawakai chumba kimoja. Salamu hupita ukutani, na chakula huletwa na watoto. Ninyi Wafipa mna adabu zenu za ukwe, ila hii ya kwetu uliiona imezidi. Siku nilipoletwa kwenu nimefunikwa kitenge mpaka kidevuni, ulimwambia Deo, "Mbona mmeniletea mkwe ndani ya gunia?" Nilicheka humo humo ndani ya kitenge, na nadhani nilianza kukupenda siku hiyo.

Kisha macho yako yakaanza kusumbua. Daktari akasema ni presha ya macho, kwamba mwanga utaondoka pembeni kwanza, halafu katikati, na dawa zitachelewesha tu. Hukulalamika. Ulisema umelima ulezi maisha yako yote huku juu, na ziwa liko kule chini ya mteremko, na hujawahi kulala juu ya maji yake hata mara moja. Deo akachukua likizo. Akakata kabini mbili za meli, Kasanga mpaka Kigoma na kurudi: moja yenu wanaume wawili, moja yangu. Hakukuwa na shughuli yoyote Kigoma, wala msiba, wala mgonjwa. Tulikuwa tunakwenda kutembea tu, kama watu wenye nafasi zao.

Unajua nilivyo. Mtu wa masjala hasafiri bila orodha. Niliandika kila kitu na mahali pake: sanduku uvunguni, taulo kwenye ndoano, chupa ya chai mezani, dawa zako za macho kwenye mfuko mdogo wenye zipu, anao Deo. Na wewe ukafungasha kwa orodha yako ya kichwani. Mablanketi mawili mazito ya manyoya. Makoti mawili. Nusu gunia la unga wa ulezi, na mfuko wa maharage. Kamba ya katani, "maana kamba haikosi kazi". Nikamtuma Deo akuulize unga ni wa nani, wakati Kigoma hatuna ndugu hata mmoja. Ukajibu kwa sauti ili nisikie kutoka jikoni: "Tutampata tu wa kumpa. Mtu mzima hasafiri mikono mitupu."

Yale mablanketi lakini, Baba! Ni Msumbawanga tu anayeweza kubeba mablanketi kwenda kwenye joto la Kasanga. Tumezoea baridi ya huku kiasi kwamba hatuamini kama kuna mahali pengine isipofika. Basi lilipomaliza kuteremka mpaka ziwani, jasho lilikuwa linakutiririka na koti bado umefunga vifungo vyote. Nilikuwa kiti cha nyuma kabisa, nikiangalia kisogo chako kikimeta, nikifa kwa kicheko.

Kabini yangu niliipanga kwa dakika kumi. Vitanda viwili vyembamba, kimoja kila ukuta. Beseni la kunawia lisilozidi sufuria. Kijimeza cha kukunja, ndoano moja nyuma ya mlango, dirisha moja la duara. Kabati hakuna. Nilisukuma sanduku uvunguni, nikatundika taulo, nikakaa kitandani na kujisifu. Ndipo Deo akaja na uso wa mtu aliyevunja sahani za watu.

"Baba ametoa kabini."

"Ametoa vipi?"

"Kuna mama ana mapacha wachanga, alikuwa amekaa sitahani juani. Baba kampa ufunguo. Na unga kampa, wa uji."

Basi wa kumpa ulimpata kabla meli haijaondoka. Ulisema wewe utalala sitahani, umeshalala mashambani ukifukuza ndege miaka mingi. Deo akakataa: jua likizama ulikuwa huoni miguu yako mwenyewe, na sitaha imejaa watu na mizigo. Nikasema basi mimi ndiye nitakayelala nje. Nakumbuka sauti yako ya hasira, mara ya pekee niliyoisikia: "Mkwe wangu alale nje kwa sababu yangu? Nitawaambia nini watu?"

Ulisimama upande wa pili wa mlango, mimi ndani, Deo katikati akipeleka maneno kama tarishi. Ukamtuma aniulize, "Huko kwenu mwiko unakataza paa moja au macho?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilifikiri nikajibu, "Vyote, lakini macho zaidi." Ukasema, "Haya. Macho tutayapa ukuta."

Nikageukia dirishani, ukaingia. Nilisikia kamba ikivutwa, ikafungwa kwenye ndoano ya mlango na kwenye bomba lililopita juu ya dirisha. Kisha moja ya yale mablanketi niliyoyacheka likashuka katikati ya chumba mpaka sakafuni. Chini ukalikandamiza kwa mfuko wa maharage na masanduku ili upepo usilifunue. Vilivyobaki ukavitundika juu kwenye bomba kama mbegu za mahindi zinavyotundikwa juu ya meko: viatu, makoti, kikapu cha mikate, hata chupa yangu ya chai. Orodha yangu ikafia hapo. Na lazima nikiri kwamba kabini ile haijawahi kuwa na nafasi kama ilivyokuwa mikononi mwako. Nimepanga mafaili miaka ishirini na mitano, sijawahi kufikiria kwamba hewa iliyo juu ya vichwa vyetu nayo ni kabati.

Deo alilala sakafuni, kichwa upande wa baba yake na miguu upande wa mke wake. Alikanyagwa na kila aliyeamka.

Dirisha uliliacha upande wangu. Deo alipolalamika kwamba wewe ndiye uliyekuja kuona ziwa, ulisema utaliona ukiwa nje, mwanamke anahitaji hewa. Na asubuhi ya kwanza, Deo alipokwenda kutafuta maji ya moto, blanketi likaongea.

"Mkwe. Miguu ina nafasi?"

Miaka kumi na tisa, Baba, na neno lako la kwanza kwangu moja kwa moja, bila Deo wala ukuta wa tofali, lilikuwa kuhusu nafasi ya miguu yangu. Nilijitanda kitenge kana kwamba unaniona. Kisha nikasema, "Ipo, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Basi tuseme tumeshafahamiana."

Tuliongea safari nzima. Ulinieleza mama yake Deo alivyokuwa akiimba akipepeta ulezi, na jinsi ulivyomkimbia ng'ombe dume mbele ya wakwe zako. Mimi nikakueleza kuhusu Tukuyu, migomba na mvua isiyojua kupumzika, na jinsi nilivyolia mwaka wangu wa kwanza huku kwa upepo na ukavu wa ngozi. Ukasema, "Nilikuwa nakusikia. Nikamwambia Deo akununulie mafuta ya mgando." Kumbe yale mafuta yalitoka kwako. Mitumbwi ilipokuja ubavuni mwa meli huko Kirando, nilikusimulia kutoka dirishani: mwanamke amebeba dagaa kwenye beseni la bluu, mwanaume ananyanyua baiskeli juu ya kichwa. Ulikuwa ukiuliza rangi. Kila kitu ulitaka rangi yake.

Siku ya mwisho ya kwenda, kabla hatujafika Kigoma, ulisema jambo ambalo nimelisikia kila siku tangu wakati huo.

"Ziwa nimeliona. Wajukuu nawaona. Nimebakiza wewe. Naomba nikuone kabla giza halijafika."

Nikajibu, "Nitamuuliza mama kwanza, Baba."

"Muulize," ukasema. "Mila ya watu haivunjwi kwa kukurupuka."

Nilimuuliza, na hapa ndipo aibu yangu inapoanzia. Tuliporudi tu nilimpigia simu mama Tukuyu, na mama, ambaye nilidhani atanikemea, alisema, "Baba mwenye moyo huo? Akupe kitu mkononi mbele ya mumeo, hata kitenge tu, upokee, basi, yamekwisha." Ilikuwa rahisi hivyo. Deo akanunua kitenge wiki ile ile, akakukabidhi ukiweke. Nami nikasema tungoje Pasaka. Pasaka ikafika nikasema tungoje mavuno, watu wote wawepo. Baada ya mavuno nikasema nina kazi nyingi ofisini. Wewe hukuuliza hata mara moja. Ulikuwa ukipita uani ukipapasa ukuta, kila mwezi ukipapasa zaidi, na mimi nikikutazama kupitia pazia la jikoni.

Nilipokuja mwishowe kupokea kitenge, ulikuwa huoni kitu tena. Deo alinishika mkono akaniingiza humu ndani. Ulikuwa umekaa kitandani umevaa koti lako la kanisani. Ukanyoosha mkono wenye kitenge kuelekea dirishani, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikazunguka taratibu, nikaenda kusimama pale mkono ulipokuwa. Nikapiga magoti, nikapokea kwa mikono miwili.

"Umefika," ukasema. "Kaa. Niambie ukoje."

Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kumweleza mtu uso wangu mwenyewe. Nikasema mimi ni mweusi, wa maji ya kunde kidogo. Nikasema nina paji pana. "La akili au la ubishi?" ukauliza. Deo akajibu kwa niaba yangu, tukacheka. Nikasema meno yangu yana mwanya. Ukaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo. "Nilijua. Kuna maneno yako yanapita na upepo." Ukaniuliza kama nimezeeka. Nikasema bado kidogo. Ukasema basi utanishika hapo hapo, usiniache nizeeke. Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya choo, na ulinisikia, maana jioni ulimwambia Deo aniletee chai.

Tangu tukuzike sasa ni mwaka wa pili. Mwanetu mkubwa anataka kuoa, na msichana amekwisha kuja kututembelea. Alipofika aliinamisha kichwa kwa Deo, akarudi nyuma nyuma kutafuta pa kujificha. Wazazi wake nao ni watu wa adabu kali. Nikamshika bega nikamwambia, "Mwanangu, huyu ndiye baba. Mtazame sasa hivi, akiwa bado anakuona." Alinishangaa. Nitamweleza akishazoea, kwa sababu mila naiheshimu bado na sitaki adhani naitukana. Ninayemlaumu hapa ni mimi.

Sasa nikuambie lile jambo.

Siku ya pili kwenye meli, mchana, baada ya chakula, Deo alikuwa sitahani na wewe ulikuwa umelala. Joto lilikuwa la kukaanga. Nilikuwa kitandani kwangu, upepo wa dirisha ukinipiga vizuri usoni, nikasikia unavyohema. Ndipo nilipoelewa kwamba blanketi lile lilikuwa limezuia upepo wote. Upande wako ulikuwa tanuri, na tangu jana hukusema. Nikachukua kibanio cha nguo, nikainua pembe ya blanketi ili hewa ipite. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Nikakutazama, Baba. Hewa ilihitaji pembe tu, lakini mimi niliinua zaidi. Nilikutazama mpaka shingo ikaniuma. Una masikio ya Deo. Una kovu juu ya nyusi ya kushoto. Midomo yako ilikuwa inatembea kidogo kama unahesabu mistari ya shamba. Kisha ukageuka usingizini, nikaogopa, nikaliachia blanketi likashuka lote, nikakurudishia joto lako.

Kwa hiyo ulipoomba kuniona siku iliyofuata, mwiko nilikuwa nimekwisha kuuvunja. Niliuvunja kwa upande wangu, nikaushika kwa upande wako. Nilichokuwa nangoja si Pasaka wala mavuno. Niliogopa kwamba ukiniona usoni utajua nilikutazama kwa kuiba, na nikaahirisha kuona haya mpaka macho yako yakazima. Hata siku ya kitenge ulisema, "Afadhali tumekuwa sawa, hakuna aliyemwona mwenzake," nami nikaitikia, "Ndiyo, Baba."

Haikuwa kweli. Mimi nilikuona. Ulikuwa na uso mzuri sana, na ningekuambia siku ile ile ungefurahi.

Pumzika, Baba, na unisamehe.

Mkweo,
mama wa wajukuu zako