Salamu Yangu Kwenye Mashine ya Kusaga

Dada Paskalina, shikamoo. Bila mimi nchi hii haipati mfumo wa usalama kazini! Maofisa wanakusanya maoni ya wafanyakazi hapa Dongobesh, nami ndiye mkalimani wao. Helmeti imenikaa kuliko inavyomkaa bosi wao.

Jana tulifika mashine ya kusaga. Babu Tluway, msagaji wa hapo, alikuwa anamimina mahindi, mkanda unazunguka pembeni yake bila kifuniko. Bosi akanishika bega: "Usimwite, subiri azime." Nisimame mbele ya mzee kimya, kama sikulelewa? Nikapaza sauti: "Shikamoo babu!" Akageuka kuniitikia, mkanda ukakamata mkono wa koti lake.

Baridi ya huku ni kali, ila makande ni matamu. Mwambie mama nanenepa. Nawakumbuka wote. Lakini babu amevunjika mkono, dada, kwa salamu yangu. Marahaba aliimalizia hospitali.