Mpira Mkavu wa Chujio

Jumanne, njiani kabla ya Matai

Na dizeli ilikuwa ikinichuruzika mikononi! Asubuhi, nikibadilisha chujio la dizeli la lori la kijiji, nilikosa oili ya kupaka mpira wake wa kuzuia hewa. Ghala la kijiji ni tupu. Nikaufunga mkavu, ukajikunja bila mimi kuona. Mlimani hewa ikaingia, injini ikazimika. Mpira mwingine ni mpaka Mbeya.

Dereva, mzee Kasiano, ameniuliza: “Kijana, hata dizeli ingetosha kuupaka. Ulikuwa unangoja oili ya nani?”

Mama yuko nyuma, juu ya magunia, anachemka kwa homa. Hospitali ni Sumbawanga, na mimi...

Sasa hivi ameniita. Anasema nimshukuru dereva, barabara imekuwa nzuri, lori halitikisiki tena.