Kipande cha Baba Kwenye Diski

Alhamisi, 8 Agosti 2024

Owori na wazo lake lilelile: tufute kila kitu kwenye laptop ya marehemu Baba, aweke Windows mpya, aende nayo kazini. Thubutu! Sauti ya Baba imo humo, akisimulia ukoo wetu. Mama huiwasha kila Jumapili. Nakala hatuna popote. Nimemwambia kaka yangu tuigawe diski: Windows yake, Linux yangu ya masomo, na kipande cha Baba kibaki kama alivyokiacha.

Mama kasikia neno "kugawa". Basi! Mgawo gani usio na shahidi wa ukoo? Kampigia simu Baba Mdogo Patroba, Tororo.

Ijumaa, 9 Agosti

Emmy, mwenzangu wa darasa, ataniazima diski ya nje Jumatatu, nitoe nakala kwanza. Nitangoja. Laptop yenyewe kuukuu.

Jumapili, 11 Agosti

Baba Mdogo hakungoja Jumatatu yangu. Kaja na koti! Nikamwonyesha mchoro: Baba mwanzoni, sisi wawili nyuma yake. Akatikisa kichwa. "Mzee nakaa katikati ya watoto yake. Hapana tupa yeye kando ya njia."

Kumpunguza ukubwa palepale alipo kwenye diski kungekuwa na nafuu. Kumhamisha ni hatari, nilijua: kazi ikikatizwa njiani, sauti yake inapotea. Lakini nani ambishie mzee aliyetoka Tororo kwa ajili ya ndugu yake? Nikabonyeza. Ujinga wangu!

Kazi haijafika nusu, stima ikapotea. Betri nayo ni ya kubembeleza. Owori akasema kwa rafiki yake Brayo, ng'ambo tu ya mpaka wetu, upande wa Kenya, taa zinawaka. Tukatoka mbio za polepole, laptop wazi mikononi mwangu kama sufuria ya uji wa moto — Mama mbele, akipangua watu.

Mpakani askari akauliza tumebeba nini. Owori akaanza habari za diski. Mama akamkatiza: "Ni bwana yangu. Iko mgonjwa." Askari akachungulia skrini, akatupisha.

Tuko kwa Brayo sasa. Waya umechomekwa. Naandika kwenye simu ili nisitazame ule mstari wa skrini unaoonyesha kazi ilipofika, maana haujasogea tangu tuingie. Naogopa. Baba Mdogo kavua koti. Owori ananinong'oneza: kama Windows yake inabana nafasi, basi, aiache, Baba achukue yote.

Mama katunyamazisha. Kalaza sikio juu ya kibodi. Anasema kuna kitu bado kinazunguka.