Ndoo Tupu

Momela, Alhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, baridi kali, na mlima hauonekani kabisa. Moyo wangu mzito.

Leo nilitumwa mjini kununua misumari ya sanduku la ndama. Ni ndama wa kifaru. Mama yake aliuawa siku tuliyomkamata. Kesho Bwana, tajiri yetu anayeuza wanyama, anampeleka Tanga kupanda meli, akatazamwe na watu huko Ulaya.

Mimi ndiye ninayemnywesha, mwezi wa nne sasa. Nikigonga ndoo mara tatu anakuja mbio. Nilimfundisha mwenyewe, kama tunavyowaita ndama nyumbani. Laiti ningejua!

Pale mjini, mtaa wa Daraja Mbili, nilimwamkia Mzee Saidi, muuza nyama. Alipoona misumari na uso wangu akacheka. "Ng'ombe wanapakiwa kwenye treni kila siku huwalilii, leo unamlilia kifaru?" Mama mmoja mwenye shamba kando ya msitu akadakia, "Wawachukue wote! Mahindi yangu wameyakanyaga yote." Hakuna aliyesema uongo kati yao.

Nikapitia Kimandolu kwa mama. Shikamoo yangu aliipokea, chai hakunipa. Nilipomwambia nimeagizwa kumwita ndama kwa ndoo aingie sandukuni, aliniuliza jambo moja tu.

"Kesho ndoo itakuwa na maziwa?"

Haitakuwa nayo. Bwana amekataza, eti asinywe chochote kabla ya safari asije akachafua sanduku. Na kwetu hakuna mtu anayegonga ndoo tupu. Ukimdanganya mnyama kwa ndoo, mama husema, maziwa yatahama nyumbani kwako. Nilipokuwa mdogo nilicheka. Leo sikucheka.

Ndama wa kwanza, aliyeondoka kabla ya masika, alifia njiani. Sanduku lilirudi.

Ndilo hilohilo tunalolikarabati. Jioni hii nimepigilia mbao mpya, nikaona za zamani zimekwaruzwa kwa ndani, chini hadi juu. Mwenzangu akaniambia nisitazame, nipigilie tu.

Naogopa, sifichi. Nikikataa, kazi sina, na ndama ataingizwa kwa kamba na viboko. Nikikubali, ataingia mwenyewe kwa kuniamini. Lipi baya zaidi?

Sasa hivi nimeiweka ndoo chini vibaya, ikagonga sakafu mara moja. Ndama ameniitikia kutoka zizini.

Kesho asubuhi nitagonga mara tatu. Mungu anisamehe, atakuja.