Somoe na Msimu wa Salfa

Jumanne, 27 Mei

Siku ya kupima watoto shuleni. Macho, uzito, meno. Mizani ya zahanati imeanza ukorofi tena, kila mtoto anapewa uzito wa mbuzi. Somoe wa darasa la tano sasa anatumia pampu ya pumu mwenyewe. Kafundishwa na Mwalimu Stella, mlezi wao wa afya. Stella ana subira, mimi sina. Somoe alinionyesha kwa madaha, kisha akaniamkia shikamoo mara ya pili ili wenzake waone kwamba tunajuana. Nimecheka.

Wakulima wameanza kupulizia mikorosho salfa. Ule unga wa njano umeshafika kwenye kola za watoto. Sipendi.

Ijumaa, 30 Mei

Nimewaita wazazi wa Somoe. Nimewaambia salfa na pumu haviivi chungu kimoja. Asiende shambani msimu wote. Watu wakipulizia karibu, afungiwe ndani, mlango na dirisha. Nilijiandaa kwa ubishi. Baba Somoe alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimekuelewa, Nesi. Shambani hatakanyaga." Nimerudi nyumbani najisifu.

Ijumaa, 6 Juni

Shule zimefungwa. Stella amekwenda kwao Lupaso. Pampu iliyokuwa kwenye mtoto wa meza yake amempa Somoe aende nayo. Likizo zinanitia hofu. Shuleni yupo Stella. Nyumbani kwao sijui kukoje.

Jumanne, 17 Juni

Somoe kaletwa na mama yake kwa bodaboda. Mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Pampu, tena pampu. Adhuhuri akatulia.

Nilimfokea Mama Somoe kwamba wamempeleka shambani. Akaapa mtoto hajatoka nje, anashinda chumbani na mdogo wake Zainabu. Sikumwamini. Nimemliza mama wa watu mbele ya foleni nzima. Pampu yake inakaribia kwisha na stoo hatuna nyingine. Nimepiga simu wilayani. Wamesema nisubiri.

Jumapili, 22 Juni

Bado nasubiri. Kijiji kizima kinanuka kiberiti. Nina hasira na kila mtu, hata na waliokuja kunisalimia.

Jumatano, 25 Juni

Somoe amefariki. Alfajiri, kwenye benchi la zahanati, gari la wagonjwa likiwa bado njiani kutoka Newala. Alikuwa amenishika kidole.

Wamezika alasiri. Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 26 Juni

Msibani. Mama Somoe aliniomba nimletee khanga kutoka chumba cha watoto. Nikafungua mlango.

Mifuko ya salfa. Imepangwa ukutani hadi usawa wa dirisha, mmoja umechanika pembeni. Chini yake mkeka wa kulalia. Unga wa njano kwenye mto.

Shangazi yake Somoe akanieleza bila kuulizwa. Mwaka jana waliibiwa salfa yote kwenye banda la jiko. Tangu hapo inalala ndani na watoto, ndiko kwenye usalama. Nani hapa hafanyi hivyo? Bila salfa hakuna korosho, na bila korosho hakuna mwaka.

Na mimi nikasema afungiwe. Wakamfungia. Hawakupunguza hata neno. Mimi na Stella tulijidai kuyajua mapafu ya yule mtoto kuliko waliomzaa, na hakuna kati yetu aliyewahi kuingia ndani kwao.

Baba Somoe alinishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru. "Tulifanya kama ulivyosema, Nesi." Nikasema pole. Sikumwambia. Najichukia.

Jumanne, 8 Julai

Shule zimefunguliwa. Stella ana macho mekundu. Kazi haina maana tena, lakini nimekwenda. Nilipita kila darasa na swali moja: nyumbani salfa inawekwa wapi? Kwenye chumba mnacholala ninyi? Mikono ikapanda hadi madawati ya nyuma. Darasa la pili, Zainabu naye alinyoosha mkono.

Jioni nimekwenda kwao. Baba Somoe alikuwa barazani. Nikamwambia yote, na lile neno langu la kufunga mlango pia. Hakunikatisha. Hakunilaumu, na heri angenilaumu. Kisha akaingia ndani, akaanza kutoa mifuko, mmoja mmoja begani, akiilaza uani pale pale panapoonekana na kila mpita njia. Nilipoinama kushika mmoja, akaniondoa mkono taratibu.

Alipomaliza alirudi chumbani, akafungua dirisha. Mimi nikaaga.